Mama Brian Si Jina la Kitambulisho

Mwaka wangu wa kwanza wa kuuza leso, wateja wote waliishi ndani ya simu, kila mmoja kwa jina nililompachika mwenyewe: Mama Brian, Mwalimu Mrefu, Shosho wa Nakuru. Nilipoanza kuchapa lebo, niliyahamisha majina hayo vivyo hivyo. Mzigo ukafika Kitale salama salimini. Mwenyewe akaja kuuchukua, kitambulisho mkononi. Karani akatazama lebo, akatazama kitambulisho, akakataa. Mama Brian alikuwa amesimama mbele yake, lakini serikali haimjui kwa jina hilo. Nilipiga simu mara nne nikiwa River Road, Nairobi, na bado leso zililala huko hadi Jumatatu.

Siku hizi swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: kwenye kitambulisho umeandikwaje? Na aliandike mwenyewe kwa ujumbe. Kwa simu, matatu zikipiga honi, Wanjiru na Wanjiku ni jina moja. Lile la kuitana nalihifadhi kando, maana ndilo nitakalotumia nikimpigia.

Orodha iko kwenye Excel, mteja mmoja mstari mmoja, na kila kitu kina safu yake: majina yote mawili, simu, sanduku la posta, msimbo, mji, na alama ya mahali. "Geti jeusi mkabala na kanisa" ni maneno ya mtu wa bodaboda. Posta haina haja nayo, ila itataka msimbo. Kwa walio Nairobi usikisie, uliza: 00100 ni GPO (Posta Kuu), 00200 ni City Square, 00800 ni Westlands.

Hapo ndipo Excel iliponichezea shere. Ukiandika 00100 inabakisha 100, na simu inayoanza na 07 inapoteza sifuri yake. Geuza safu hizo ziwe za maandishi kabla hujaandika chochote. Mimi nilizigeuza baadaye, nikakesha nikirudisha sifuri moja moja.

Kuchapa si kazi. Word huvuta majina kutoka Excel na kuyapanga kwenye karatasi ya stika. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, iweke juu ya stika, uinue kwenye mwanga uone kama mistari imelingana. Wino wa inkjet ukinyeshewa huchuruzika, kwa hivyo pitisha selotepu juu ya lebo.

Kama unachapia saiba, futa faili yako kwenye kompyuta yao kabla ya kuondoka. Hizo ni namba za watu waliokuamini, na tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data. Niliwahi kukuta orodha ya wageni wa harusi ya mtu, simu na yote, imeachwa wazi kwenye skrini.

Mama Brian bado ananunua. Kumbe kitambulisho chake kina majina manne, na imenibidi nipunguze ukubwa wa herufi ili yaenee kwenye stika.