Unataka kuwa mkuu wa mafundi kwenye mbio za NASCAR? Anza na matairi

Tangu nihamie North Carolina, Marekani, kwenye kitovu cha mbio za magari za NASCAR, Jumamosi zangu nyingi zinaishia kwenye kiwanja kidogo cha Hickory na timu moja ndogo ya mbio. Kila nikiposti picha ya gari, vijana wananiuliza: nifanyeje niwe mkuu wa mafundi, yule mwenye redio masikioni anayeamua gari liingie lini kubadilishwa matairi? Jibu langu haliwafurahishi: kaanze na matairi.

Simaanishi kuyabeba tu. Gari likiingia, choma sindano ya kipimajoto sehemu tatu za kila tairi: ndani, katikati na nje. Katikati pakiwa pa moto kuliko pembeni, upepo umezidi. Ukingo wa ndani ukiungua peke yake, tairi limelazwa mno. Andika hapo hapo, maana joto halitakusubiri. Viwanja hivi ni vya duara na gari hukata kushoto tu, kwa hiyo tairi la mbele kulia ndilo linaloteseka zaidi.

Shahada ya uhandisi inasaidia sana, tena siku hizi timu kubwa zinaitaka. Lakini mkuu wa mafundi Chad Knaus, aliyetwaa ubingwa wa NASCAR mara 7 na dereva Jimmie Johnson, mara 5 mfululizo kuanzia 2006, aliwahi kuwa mbadilisha matairi kwenye timu ya Ray Evernham, naye mkuu wa mafundi.

Kazi yenyewe, nionavyo, ni masikio. Dereva hakupi namba. Anafoka redioni, "Mkia unanitoroka!" Muulize wapi: akiingia kona, katikati, au akikanyaga mafuta akitoka? Usikubali jibu la "gari bovu". Akishataja mahali, ndipo unaamua: upunguze upepo kidogo, au fundi apitishe spana kwenye tundu la kioo cha nyuma na kuzungusha skrubu ya springi nusu mzunguko, uzito uhamie nyuma kushoto na mbele kulia, mkia utulie. Badili kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Na uamue mapema. Tangu 2022, kwenye ligi kuu, gurudumu linafungwa kwa nati 1 badala ya 5, na kusimama kwa matairi manne ni kama sekunde 10 tu.

Daftari lako lisomeke na mwingine, maana siku moja huenda usiwepo. Kwenye Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za NASCAR, ya 2006 Knaus alikuwa amefukuzwa uwanjani baada ya gari lao kukamatwa kwenye ukaguzi. Darian Grubb akashika nafasi yake, na wakashinda.

Ukiwa na familia, waonyeshe kalenda kwanza: mbio 36 za pointi, Februari hadi Novemba. Harusi za binamu utazitazama kwenye simu.

Bado unataka? Jumamosi mchana nenda kiwanja kidogo kilicho karibu nawe, tafuta timu yenye matairi mengi na watu wachache, uliza kama wanahitaji mkono. Malipo ya mwanzo mara nyingi ni chakula na kuingia bure. Vaa viatu vigumu.