Maswali na majibu: Chupa mbili za ombwe hazigawani volti nusu kwa nusu

Barua nyingi safari hii zinauliza kuhusu breka za ombwe, yaani vakyumu (swichi kubwa zinazokata umeme ndani ya chupa iliyoondolewa hewa), hasa zile za msongo, yaani volti, mkubwa.

Breka ya kilovolti 33 ina chupa moja kwa kila fezi. Mbona za msongo mkubwa huwekewa mbili? (Mwanafunzi, Kyambogo)

Ombwe ni hodari kwenye mwanya mfupi, yaani nafasi kati ya kontakti zilizoachana. Milimita chache tu huhimili makumi ya kilovolti, lakini ukiongeza mwanya mara mbili, uhimilivu hauongezeki mara mbili. Ndiyo maana hufungwa chupa mbili mfululizo, kila moja na mwanya wake mfupi. Siku hizi zipo chupa moja moja za kilovolti 145, zinazotosha laini za 132. Ukipanda hadi laini za Uganda za 220 ya Kawanda–Masaka, au 400 ya Karuma–Kawanda, ndipo hoja ya mfululizo inapopata nguvu.

Mwalimu, chupa zote mbili ni za kiwanda kimoja na zinafanana. Kwa nini moja huelemewa? (Fundi, Tororo)

Kwa sababu ardhi nayo inadai fungu lake. Breka ikifunguka, kila chupa ni kapasita ndogo (kitu kinachohifadhi chaji na kupitisha mkondo kidogo wa AC), na kiungio cha katikati kina kapasita yake kati yake na ardhi. Hiyo ya ardhi hakuna aliyeinunua wala kuifunga. Imo tu, kwa vile fremu na nguzo zipo karibu. Chupa iliyo upande wa laini yenye umeme inapitisha mkondo wa mwenzake pamoja na ule unaopotelea ardhini.

Tupige hesabu kwa namba za mfano. Kila chupa iwe na pikofaradi 20 (kipimo cha ukubwa wa kapasita), na kiungio kiwe na 20 kwenda ardhini. Chupa ya pili na ardhi, kwa pamoja, zina 40 dhidi ya 20 za chupa ya kwanza. Basi ya kwanza inabeba theluthi mbili. Kwenye laini ya 132, fezi hadi ardhi ni kilovolti 76 hivi: ya kwanza inapata 51, ya pili 25. Wewe ulitegemea 38 kwa 38! Kwa hiyo muuzaji akikujumlishia uwezo wa chupa mbili na kukuambia ndio uwezo wa breka, mwombe kwanza hesabu ya mgawanyo.

Dawa si kapasita? Kwa nini wasiweke kubwa kabisa yakaisha? (Fundi huyohuyo)

Ndiyo dawa. Funga pikofaradi 1,000 sambamba na kila chupa, na ile ya kwanza inashuka hadi asilimia 50.5. Lakini kapasita hizo hazilali breka ikifunguka. Kwa mfano wetu, kama miliampea 12 zitaendelea kupita kuelekea upande unaodhani umekufa. Fungua aisoleta (swichi ya kutenganisha), pima, funga ethi (waya wa ardhi), ndipo uguse. Zaidi ya hapo, kapasita kubwa ikikutana na transfoma ya kupimia volti inaweza kuzusha mwangwi wa umeme na kuiunguza. Mimi napendelea kapasita ya kiasi, mgawanyo ukibaki na tofauti ndogo ambayo chupa zinaimudu.

Chupa moja ikipoteza ombwe, nitajuaje? Mega yangu inasoma vizuri. (Msomaji, Masaka)

Mega, kile kipimo cha insulesheni, isikudanganye. Hewa ya kawaida kwenye mwanya wa milimita 10 huhimili kilovolti 5 bila shida, kwa hiyo chupa iliyovuja nayo itasoma vizuri. Breka ikiwa imefungwa, mkondo unapita kama kawaida. Ikifunguka, ile nzima inaweza kubeba karibu msongo wote peke yake, na kwa muda hakuna anayegundua kitu.

Tumia kipimo cha msongo mkubwa, kontakti zikiwa wazi, kwa kiwango alichotaja mtengenezaji. Pima kila chupa peke yake, kapasita zikiwa zimefishwa, yaani chaji yake imemalizwa, na kutolewa. Ukipima zote mbili kwa pamoja, nzima itamficha mgonjwa.

Ni kweli kipimo hicho hutoa eksirei? (Msomaji, Gulu)

Kweli. Kwenye msongo wa kawaida wa kazi ni kidogo mno, lakini wakati wa kupima inaweza kuongezeka. Usizidishe volti, usipunguze mwanya, na usimame kwenye umbali ulioandikwa kwenye kitabu cha breka.