Figo haziokoti taka: maswali yenu msimu huu wa korosho

Shikamoo mwalimu. Tunaambiwa figo huchuja damu. Zinajuaje kuwa hiki ni uchafu na hiki kinahitajika? (Msomaji, Nachingwea)

Marahaba. Hazijui. Tumezoea kuzifananisha na kifumbu cha kukamulia nazi, tui likapita na chicha ikabaki. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo miaka mingi, na ni nusu tu ya habari.

Mtazame mama anayechambua korosho kabla ya kuzipeleka chama cha msingi. Haingizi mkono guniani kupapasa mbovu mojamoja. Anazimwaga zote kwenye turubai, anazirudisha nzuri, na zinazobaki ndizo za kutupa. Figo nazo hufanya vivyo hivyo.

Kila dakika, lita moja au zaidi kidogo ya damu hupita kwenye figo zote mbili. Hiyo ni kama sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kila figo ina vichujio kama milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha vishipa vyembamba. Mshipa unaoingiza damu humo ni mpana kuliko ule unaoitoa, hivyo damu hubanana na maji yake hukamuliwa nje pamoja na vitu vidogo vilivyoyeyuka: chumvi, sukari, na yurea, yaani taka itokanayo na protini. Chembe za damu na protini kubwa hazipenyi. Hapo ndipo mfano wa kifumbu unapokaa sawa.

Kwa siku hukamuliwa takriban lita 180, yaani ndoo tisa za lita 20. Hukojoi ndoo tisa kwa sababu kila kifundo kina mrija wake, na kuta za mrija huo hurudisha kwenye damu sukari, karibu chumvi yote, na maji asilimia 99 hivi. Lita moja na nusu inayosalia ndiyo mkojo. Mimi napenda akili ya mpango huu: hata dawa au sumu ngeni, ambayo mwili haujapata kuiona, ikiwa ndogo na imeyeyuka humwagwa turubaini pamoja na vingine, na mara nyingi hakuna wa kuirudisha.

Kama sukari hurudishwa, mbona mkojo wa mume wangu mwenye kisukari hufuatwa na sisimizi? (Mama wa Mikindani)

Dada yangu, warudishaji nao wana kikomo. Sukari ya damu ikipita kama milimoli 10 kwa lita, huzidiwa, na sukari iliyoachwa mrijani huvuta maji kwenda nayo. Ndiyo maana anakojoa sana na kiu haimwishi. Ila msitegemee sisimizi. Kisukari na presha huharibu vichujio kimyakimya, bila maumivu. Akienda kliniki aombe mkojo upimwe protini na damu ipimwe kreatinini, taka ambayo hujaa kwenye damu figo zikichoka. Protini ikionekana, huenda kifumbu kimeanza kutoboka.

Maji ya kunywa yakituishia chomboni, tunaweza kunywa ya bahari kidogo? (Mvuvi, Msimbati)

Usithubutu, kaka. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na mkojo wa binadamu hauwezi kufikia ukali huo. Ili kuitoa chumvi ya lita moja, figo zitalazimika kutumia zaidi ya lita moja ya maji, na hiyo ziada zitaichukua mwilini mwako. Ongezeni dumu.

Huku Newala maji ni shida, tunakunywa kidogo na mkojo unakuwa wa njano iliyokolea. Figo zinakauka?

Hazikauki, zinabana matumizi. Homoni kutoka chini ya ubongo huziagiza zirudishe maji zaidi. Lakini taka zinahitaji walau nusu lita ya mkojo kwa siku ili zitoke, na anayeshinda shambani juani azidishe kunywa.

Wazee wanasema uraka, pombe ya mabibo, unasafisha figo, maana ukinywa unakojoa sana.

Pombe huizima homoni ileile niliyomweleza wa Newala, basi. Maji yanayotoka ni yale uliyokuwa unayahitaji. Wazee wangu wanisamehe.

Mwanangu wa miaka tisa anakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Anapenda kuoga bwawani. Figo zimepasuka? (Lindi vijijini)

Damu inayotoka mwishoni kwa kawaida hutokea kwenye kibofu, wala si kwenye vichujio. Kwa mtoto wa bwawani huku kwetu, cha kwanza kushuku ni kichocho: minyoo hukaa katika mishipa ya kuzunguka kibofu, na mayai yake hutoboa ukuta. Kikiachwa miaka, kovu huziba njia ya mkojo, na hapo figo huumia kweli. Mpeleke kituo cha afya mapema, dawa ipo. Mkojo wa kupimwa utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi.