Simu imeniambia napenda wanawake. Niiamini?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nina miaka 23, nauza leso na madira dukani mjini. Mwezi uliopita, mchana wateja wakiwa wachache, mimi na wenzangu tulifanya jaribio la simu la kukwambia wavutiwa na nani. Maswali 20. Wenzangu waliyacheka majibu yao, yakaisha. Mimi liliniambia asilimia 74 napenda wanawake. Nilicheka nao, lakini usiku nikalirudia mara tatu: likatoa 61, 70, kisha 38. Posa yangu ishapokewa na harusi ni baada ya Idi. Hivi simu yaweza kujua jambo ambalo mwenyewe silijui?
– Mwenye Wasiwasi, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Haiwezi. Sasa vuta kigoda tuzungumze.

Nilimwomba mjukuu wangu anitafutie jaribio kama lako nami nijaribu, na miaka yangu 67. Likaniuliza kama napenda mpira. Kama nakata kucha fupi. Nimeuguza wagonjwa miaka 30, kucha ndefu ningezifuga wapi? Likaniuliza kama huwatazama wanawake wakipita. Sana! Nani Mombasa asiyetazama leso ya mwenziwe asome jina lake? Likanipa 55. Nikabadili jibu la mpira peke yake, ikashuka 47. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mtu amekaa mahali akaamua jibu hili lina pointi tatu, hili halina kitu, na pointi zenyewe amezitoa kwenye kisio la watu kwamba fulani "huonekana hivi". Tena wengi wao hawaishi huku. Hawajui kwamba mwanamke wa pwani humwita mwenziwe shoga, yaani rafiki, wakalala kitanda kimoja siku za harusi na kupakana hina hadi mapajani, na hapana aliyeuliza kitu.

Mbona basi jibu limekuchoma? Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja "majibu yake". Walipoulizwa yamewaelezaje, kwa wastani walitoa alama 4.26 juu ya 5. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, mengi ameyaokota kwenye kitabu cha nyota! Ndiyo ramli ya bibi zetu: "Una moyo mweupe lakini watu hawakujui." Nani atakataa?

Utakuta majaribio mengine yamepachikwa jina la Alfred Kinsey, mtafiti wa Marekani wa mambo ya mapenzi. Kinsey ndiye aliyetoa, mwaka huo huo wa 1948, kipimo cha kuanzia 0, anayevutiwa na jinsia nyingine tu, hadi 6, anayevutiwa na jinsia yake tu. Lakini hakutunga jaribio la mtu kujipima. Yeye na wenzake waliwahoji maelfu ya watu ana kwa ana, wakawauliza maisha yao yote, ndipo wakaweka namba. Baadaye daktari wa akili Fritz Klein akaona hata namba moja haitoshi, akauliza mtu alikuwaje zamani, yukoje sasa na angependa aweje. Hayo hayaingii kwenye saa ya wateja wachache.

Hata mwilini hapana kipimo. Hapa hapa Mombasa, Machi 2018, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kuwalazimisha watu wakaguliwe miili ili kutafuta ushahidi wa ushoga ni kuvunja haki zao.

Lakini mwanangu, wenzako walicheka wakalala. Wewe ulirudia mara tatu. Yaweza kuwa woga wa harusi tu. Nimeona bibi harusi akitafuta sababu ya kuahirisha kwenye rangi ya mapazia. Ila lilipotoka 38, ulishusha pumzi au ulinyong'onyea? Hilo hukuniandikia, nami ndilo ningependa kulijua. Wala usinijibu mimi.

Kama moyo wako umepata kumwelekea mwanamke, si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa Mei 17, 1990. Lakini chagua sana wa kumwambia. Kifungu cha 162 cha sheria zetu za jinai bado kinatoa hadi miaka 14 jela kwa vitendo vinavyoitwa kinyume cha maumbile, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta.

Kuhusu harusi, unaweza kuomba isogezwe mpaka Maulidi yapite. Sema hujawa tayari, basi. Usimtaje mtu wala simu. Baba atanuna, mama atahesabu sahani alizokwisha kuagiza, lakini watu wamesogeza harusi kwa sababu ya fundi cherehani.

Na je, jaribio lilikutaka uingie kwa Facebook? Ilikuwako programu ya maswali ya tabia iliyojibiwa na watu kama 270,000, ikachota na habari za marafiki zao, Facebook wenyewe wakakisia milioni 87, zikafika mikononi mwa Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa. Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inauhesabu mwelekeo wa mapenzi kuwa habari nyeti, nawe umeugawa mara nne kwa usiosema nao. Ingia kwenye mipangilio, tafuta programu zilizounganishwa, uliondoe.

Jina la duka ulilonitajia nimelikata kwa mkasi kabla barua haijafika kwa mhariri.