Kibarua kakatwa vidole na msumeno, fidia anapata?

SWALI: Habari za kazi. Mume wangu ni kibarua kwenye kiwanda cha mbao huku Mafinga, analipwa kwa siku, mkataba wa maandishi hana. Mwezi uliopita msumeno ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Bosi kalipa bili ya kwanza tu na kumpa elfu hamsini, sasa anasema kibarua hana fidia na isitoshe hajawahi kukatwa hela ya mfuko. Juzi kaleta karatasi anataka asaini kwamba wameshamalizana. Tufanyeje? (Mama wawili, Mafinga)

JIBU: Dada pole sana, na shemeji mpe pole. Hiyo karatasi asiisaini kabisa.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haibagui kibarua, hata wa msimu yumo. Na hilo la kukatwa hela linaniuma maana watu wengi wananyamazishwa nalo, wakati mchango wa WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, analipa mwajiri peke yake, mfanyakazi hatakiwi kukatwa hata shilingi, kwa hiyo shemeji hakuwa na kitu cha kuchangia! Kama bosi hajajisajili hilo ni kosa lake yeye.

Matibabu yanalipwa na mfuko, na siku ambazo hawezi kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya mshahara wake. Akishapona daktari anapima ulemavu uliobaki, ukiwa mdogo anapewa fidia ya mkupuo, ukizidi asilimia 30 inakuwa pensheni ya kila mwezi.

Sasa ushahidi, hapa ndo wengi wanakwama. Angalieni cheti cha hospitali kimeandikwaje, kwa sababu kuna mabosi wanambembeleza mgonjwa aseme kajikata nyumbani akipasua kuni, na mgonjwa kwa maumivu yale anakubali tu. Kama kimeandikwa hivyo mrudieni daktari mapema mumweleze ukweli. Pigeni picha ukurasa wa daftari la msimamizi wenye jina lake siku ile, meseji za malipo ya simu msifute, na waliokuwa naye kwenye mashine waandike majina na namba zao. Halafu mpelekeeni bosi taarifa ya maandishi, nakala ibaki kwenu, yeye ana siku 7 za kuifikisha WCF. Asipofanya nendeni wenyewe, ila mwaka usipite.

Wakimfukuza kwa kudai haki yake, aende CMA, tume inayoamua migogoro ya kazi, pale Iringa mjini ajaze fomu namba 1 ndani ya siku 30.