Kiingereza cha Dukani Uingereza: Jibu kwa Mpwa Wangu wa Chake Chake

Mpwa wangu, umeniandikia kwamba Septemba unakuja London kusoma, na kwamba mwalimu wenu wa Kiingereza hapo Chake Chake amekupeni ukurasa mzima wa mazungumzo ya dukani muukariri: muuzaji anasema hivi, mnunuzi anajibu vile, bei inaulizwa, fedha zinalipwa, wanaagana. Umeuliza kama ukurasa huo unatosha. Mama yako naye ameongeza swali lake, kama ni kweli kwamba huku mtu akikosea kusema huchekwa mbele za watu. Nimeona nikujibuni nyote wawili kwa pamoja na kwa uwazi, kwa kuwa maswali haya huulizwa na karibu kila anayejiandaa kuja, na majibu anayopewa mara nyingi huwa ya kumfurahisha tu.

Nianze na dada. Hakuna atakayemcheka mwanao. Hapa London keshia mwenyewe mara nyingi ametoka Bangladesh, Romania au Ghana, na Kiingereza chake kina lafudhi ya kwao kama chetu kilivyo na ya kwetu. Foleni iliyo nyuma yako haijali sarufi yako; inachotaka ni ulipe uondoke. Duka kubwa la huku si mahali pa mazungumzo. Kwetu mtu akiingia duka la Mpemba mtaani husalimu kwanza, huulizwa hali ya mgonjwa wa nyumbani, ndipo akataja alichokifuata, na akipungukiwa huandikwa daftarini. Huku bei imeshabandikwa kwenye rafu na haishuki kwa maneno, daftari hakuna, na kwa zile mashine za kujilipia mwenyewe mtu anaweza kununua chakula cha wiki nzima bila ya kufungua kinywa. "How much is this?", ambayo bila shaka ndiyo sentensi ya kwanza katika ukurasa wenu, hutaihitaji sana.

Kwa hiyo jibu langu kwako, mpwa wangu, ni kwamba Kiingereza cha dukani huku ni cha kusoma zaidi kuliko cha kusema. Cha kusema ni kidogo, nami nitakimaliza sasa hivi. Cha kusoma ndicho kitakachokula fedha zako, na pengine kukulisha haramu, usipokijua.

Ukifika kwa keshia utasikia "You all right?" Usianze kumweleza kwamba mafua yamekushika tangu juzi. Hiyo ni salamu, na jibu lake ni "Fine, thanks", basi. Akikuuliza "Do you need a bag?", ujue kwamba mfuko unauzwa: maduka makubwa ya England yalilazimishwa kisheria kutoza mifuko ya plastiki mwaka 2015, na tangu Mei 2021 hata maduka madogo hutoza, kwa uchache peni 10 kwa mfuko. Wewe unatoka Zanzibar, ambako mifuko hiyo ilipigwa marufuku kabla Tanzania Bara haijafanya hivyo mwaka 2019, kwa hiyo hutaona tabu kwenda na wako na kujibu "No, thanks, I've got one". Kisha utaulizwa kama utalipa kwa fedha taslimu au kwa kadi, "cash or card", na kama una kadi ya duka hilo. Kadi hii ya duka usiidharau. Hutolewa bure, na maduka kadhaa makubwa siku hizi huandika bei mbili kwa bidhaa moja, ya mwenye kadi na ya asiye nayo, na tofauti yake mwanafunzi anaihisi. Mwisho utaulizwa "Would you like a receipt?" Sema ndiyo kila mara, sababu yake inakuja mbele.

Bei zenyewe husomwa kwa mkato. Pauni moja na peni tisini na tisa hutamkwa "one ninety-nine" bila ya kutajwa pauni wala peni, na peni zikitajwa huitwa kwa herufi yake tu, "pii". Mitaani pauni huitwa "quid", noti ya tano "fiver" na ya kumi "tenner". Wengi wetu masikio hutuchanganya baina ya "fifteen" na "fifty", na dawa yake ni kutazama skrini ya keshia badala ya kumwomba arudie.

Liko jambo moja la adabu ambalo ukurasa wenu, kama ni kama ule tuliosomeshwa sisi, hauligusi. Sisi adabu yetu tunaiweka kwenye salamu: ukishamwamkia mtu na kumjulia hali, unaweza kumwambia "nipe mbatata fungu moja" na hakuna aliyevunjiwa heshima. Wao salamu yao ni fupi, na adabu yote wameipakia kwenye "please", "thank you" na "sorry". Mtu akisema "I want this one" peke yake, hata kwa sauti ya upole, huonekana mkavu. Sema "Can I have this one, please?" na mlango utafunguka. Neno "sorry" utalisikia hata kwa yule uliyemkanyaga wewe. Na dada asishituke akisikia kwamba keshia wa kike, tena mtu mzima, amemwita mwanawe "love" au "darling". Huitwa hivyo kila mtu, hata mzee mwenye mkongojo, na hakuna lolote nyuma yake.

Sasa cha kusoma. Ulivyolelewa Pemba, utataka kujua nini kimo ndani ya unachokula, na hapa maneno yana mitego. Nyama ya kusaga, kima yetu, huandikwa "mince" au "minced beef". Karibu na sikukuu ya Krismasi utaona chupa zilizoandikwa "mincemeat", na hiyo si nyama kabisa: ni zabibu na matunda makavu yaliyochanganywa na sukari na mafuta, na mara nyingi ikatiwa pombe. "Black pudding" hupangwa pamoja na vyakula vya asubuhi, nayo ni soseji ya damu. "Ham", "bacon" na "gammon" zote ni nguruwe, na "lard" ni mafuta yake. "Cider" ina picha ya tofaa na rangi ya kuvutia, na kwa Uingereza neno hilo ni kinywaji chenye ulevi. Peremende na mtindi husomwa nyuma, penye maandishi madogo, kutafuta "gelatine", ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe au ng'ombe asiyejulikana alivyochinjwa. Alama ya "suitable for vegetarians" inasaidia sana kwa sababu inaondoa mambo ya nyama yote kwa mara moja, lakini haisemi lolote kuhusu pombe, kwa hiyo mchuzi wa chupa na keki bado visome. Kwa nyama yenyewe nenda kwenye bucha za halali, ambazo mashariki ya London zimejaa. Huko hata Kiingereza hukihitaji sana, kwani ukimwambia Mpakistani au Mbangali "keema" anakuelewa kama angekuelewa muuza nyama wa Wete.

Unga nao una majina yake. "Plain flour" ndio wa chapati. "Self-raising flour" umeshatiwa beking pauda kiwandani, na chapati yake huumuka na kukatika. Unga wa dengu wa bajia ni "gram flour", na kwenye maduka ya Wahindi huandikwa "besan". Bamia ni "okra", bilingani ni "aubergine", kotmiri ni "coriander", iliki ni "cardamom", na uzile ni "cumin". Ndizi za kupika huitwa "plantain". Muhogo ni "cassava", na utaukuta umepakwa nta ili usiharibike njiani, kwa hiyo umenye vizuri. Viungo usivinunue kwenye vichupa vya duka kubwa. Vya Wahindi huja kwa pakiti kubwa na kwa bei ya mtu mwenye akili. Nawe Mpemba, ukisoma maelekezo ya mapishi yakasema "two cloves of garlic", usitie karafuu kwa kuona neno "cloves": wanakusudia chembe mbili za thomu.

Halafu kuna tarehe. "Use by" ni ya usalama. Siku hiyo ikipita usile, hata kama chakula kinanukia vizuri. "Best before" ni ya ubora tu, na biskuti au mchele uliopita tarehe hiyo huwa hauna neno. Tofauti hii ina faida kubwa kwa mfuko wako kwa sababu jioni wafanyakazi wa maduka hupita na stika, kwa kawaida za manjano, zilizoandikwa "reduced", wakashusha bei ya vitu ambavyo siku yake ndiyo hiyo. Unaweza kununua na kugandisha kabla siku haijaisha. Hapa niseme wazi, dada, kwa kuwa mnapenda kutazama picha za watoto wa watu na matoroli yaliyojaa: wengi wetu tuliopo huku tunajua vizuri stika hizo hubandikwa saa ngapi, na hatuoni haya. Kodi ya nyumba, nauli na umeme vikishatoka, kinachobaki ndicho kinachokwenda sokoni, na mshahara unaosikika mkubwa ukiupigia hesabu ya shilingi, hapa unatumika kwa pauni.

Angalia pia yale maandishi madogo chini ya bei yanayosema "per kg" au "per 100g". Ndiyo bei ya kweli. Pakiti kubwa haiwi rahisi kila mara, na "two for three pounds" haina maana kama moja inauzwa pauni moja na nusu, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu.

Ukichoka na ukimya wa maduka makubwa, nenda Queen's Market, soko la Upton Park pembeni ya Green Street. Hapo utapata bamia, muhogo, pilipili na samaki, na utasikia wauzaji wakipaza sauti "Pound a bowl!" Mboga zimepangwa kwenye bakuli, kila bakuli bei yake, nawe unanunua bakuli zima: tungule, vitunguu, maembe. Ni fungu lile lile la sokoni Darajani, Unguja, isipokuwa limewekwa ndani ya chombo. Ni hapa ndipo ukurasa wa mwalimu wako utakapokufaa. Unaweza kuuliza "How much?", unaweza kusema "Can you do two for one fifty?", na jioni muuzaji anapotaka kufunga, mara nyingi atakubali. Kwenye duka kubwa usijaribu. Keshia hana mamlaka ya kupunguza hata peni moja, na utamtia aibu bure.

Dawa za maumivu utazikuta rafuni pamoja na sabuni, lakini pakiti ya paracetamol ya duka la kawaida haizidi vidonge 16, na kwa kawaida hawakuuzii zaidi ya pakiti mbili. Usione umeshukiwa. Jumapili maduka makubwa ya England hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu, kwa hiyo panga mapema.

Sasa ile risiti. Kwetu maduka mengi yamebandika ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na mtu huondoka na kasoro yake. Huku sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro na kurudishiwa fedha zako zote. Sentensi ni "I'd like to return this, it's faulty", na unachodai ni "refund". Watakupendekezea "exchange", yaani kubadilishiwa, au "credit note", ambayo ni karatasi ya kununulia humo humo dukani. Katika siku hizo 30 huna lazima ya kukubali. Lakini kama kitu ni kizima, ila wewe umebadili mawazo, sheria haikusaidii. Hapo ni hisani ya duka, na maduka mengi huifanya kwa masharti yaliyochapishwa nyuma ya risiti. Ukinunua mtandaoni hali ni nyingine: vitu vingi, ukiacha vinavyoharibika upesi na baadhi ya vingine, una siku 14 tangu vikufikie za kusema huvitaki, bila ya kutoa sababu.

Koti la baridi usilinunue Unguja kabla ya kuja, wala usilinunue jipya ukifika. Tafuta maduka ya hisani, "charity shops", kama yale ya Oxfam na British Heart Foundation, ambayo huuza nguo zilizotolewa na watu. Ni mitumba, lakini imechaguliwa na kutundikwa. Utaulizwa "Can I help you?" ungali mlangoni, na kama hutaki kufuatwa utajibu "I'm just looking, thanks". Ukitaka kujaribisha, sema "Can I try this on?", utaoneshwa chumba chenye pazia.

Nguo na viatu vina namba zao, na hapa namgeukia dada, ambaye amenitumia orodha ya viatu vya watoto vya sikukuu. Namba ulizoniandikia ni zile za Ulaya tulizozizoea Zanzibar. Kiatu cha kiume namba 42 huku ni takriban 8, na cha kike 39 ni takriban 6, lakini kwa watoto hesabu yao inapanda mpaka 13 kisha inaanza upya kwa 1, kwa hiyo aliyevaa 13 ana mguu mdogo kuliko aliyevaa 1. Usinitumie namba tena. Mpime kila mtoto unyayo kwa sentimita, jioni, akiwa amesimama, uongeze sentimita moja ya kukua, na uniandikie jina la kila mmoja pembeni ya kipimo chake.