Aliyekuwa wa Jumamosi tu amechumbiwa

"Shangazi, nina miaka 28, naishi Sakina, Arusha. Mimi na msichana mmoja tulikubaliana tuwe tunalala pamoja tu, bila mapenzi, kila mtu na maisha yake. Mwaka na nusu umepita. Krismasi amempeleka mwanamume mwingine kwao Marangu kumtambulisha, na simu zangu hapokei. Amenitendea ubaya. Nimrudisheje?"

Pole mwanangu, najua inauma.

Ila hilo neno "tulikubaliana" silimezi. Nani alianza kulisema? Kwingine kwenye barua yako umeandika mwenyewe kwamba Jumamosi alikuwa anakufulia na kupika, na ulipougua malaria alikuuguza siku 3. Mwanamke asiyependa hafui shuka za mtu. Alikupenda, uliona, ukanyamaza kwa sababu ulikuwa unafaidi. Krismasi ya mwaka juzi ulimwacha mjini ukapanda kwenu Machame peke yako. Mtu wa Kilimanjaro hahitaji kuelezwa maana ya kuachwa mjini Desemba, wenzake wakienda kwao! Chelewachelewa utakuta mwana si wako, na umemkuta.

Kuna jambo umelipitisha haraka: "kondomu tuliacha, akawa anatumia P2." Hapo nilisimama. P2 ni dawa ya dharura, humezwa ndani ya saa 72, si ya kila wikiendi. Haizuii VVU wala kaswende. Kichefuchefu chake, hedhi kuvurugika kwake, wewe starehe. Na kama kila mtu alikuwa na maisha yake, ulipima lini?

Sisemi zamani tulikuwa malaika. Watoto wa nje wapo Uchagani tangu enzi za babu zetu. Lakini mtoto akipatikana, wazee walikaa chini wakauliza ni wa nani. Ninyi mnataka mambo yote ya mke, mapishi, uuguzi na kitanda, halafu mtu akiuliza "huyu ni nani wako?" mnasema rafiki. Binti kachoka kuwa rafiki. Kafanya vizuri, nami niko upande wake.

Usimrudishe. Usitume marafiki, usimsubiri kazini kwake, na picha zake zifute leo. Wiki hii nenda zahanati ukapime. Ukikutwa huna maambukizi, rudia miezi 3 baada ya mara ya mwisho mliyokutana. Ukikutwa nayo, anza dawa, halafu mtafute umwambie kwa heshima, naye akapime.